Nimehama Uingereza, je kodi niliyokatwa naweza kurudishiwa?

Swali: "Kaka salam aleikum. Mimi ni nesi Mkenya, nilienda Uingereza Novemba 2022 kwa viza ya kea, yaani ya kuhudumia wazee na wagonjwa, nikakaa Leeds. Kazi ilikuwa ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na gari langu mwenyewe. 2024 kampuni ikanyang'anywa leseni ya kuajiri watu wa nje, nikatafuta nyingine sikupata, mwisho wa Septemba nikaondoka. Nikakaa nyumbani Mombasa miezi miwili, Desemba 2024 nikaanza kazi hospitali Doha na mpaka sasa niko huku. Mshahara kule ulikuwa pauni 2,400 kwa mwezi kabla ya makato, na miezi mitano ya mwisho nilikuwa na kibarua cha wikendi, kama pauni 400 kwa mwezi, hicho kilikatwa kodi kuanzia pauni ya kwanza. P45, ile karatasi ya kuacha kazi inayoonyesha mshahara na kodi, ya kampuni kubwa sikupewa. Sasa kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anasema kila aliyehama anarudishiwa kodi yote pamoja na National Insurance (NI, mchango wa bima ya taifa), yeye anachukua asilimia 35, na anataka nimtumie namba yangu ya NI, pasipoti na pasiwedi ya akaunti yangu ya serikali. Wengine wananiambia nikigusa mambo haya watauona mshahara wa Doha waukate kodi, wengine ati viza ikishakatizwa haki yako imepotea. Na rafiki yangu alirudi Kisumu mwisho wa Juni 2022, je ameshachelewa?"

Jibu:

Waaleikum salaam dada yangu, na pole sana kwa yaliyokupata Leeds, kupoteza kazi kwa kosa la mwajiri na halafu kuambiwa uhame kwa siku za kuhesabu si jambo dogo. Nianze na lile la haraka kabla ya hesabu zote. Pasiwedi ya Government Gateway, yaani hiyo akaunti yako ya serikali, usimpe mtu yeyote, hata awe nani kwenye grupu, hata awe ametumia skrinishoti mia za watu waliolipwa. Kama ushampa, ingia sasa hivi ubadilishe, uangalie kama namba ya simu na akaunti ya benki zilizoandikwa humo bado ni zako. Mwenye pasiwedi hiyo anaweza kudai pesa kwa jina lako, ikaingia kwake, na akiandika uongo kwenye madai anayetafutwa baadaye ni wewe, manake jina lililoko pale ni lako.

Hilo la viza kukatizwa, liondoe kichwani kabisa. Mambo ya viza yako Home Office, wizara ya uhamiaji, mambo ya kodi yako HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, na haki ya kurudishiwa kodi uliyolipa zaidi inatokana na hesabu ya mapato yako ya mwaka. Haitokani na viza uliyonayo leo wala jinsi ilivyokwisha. Ulifanya kazi, ulikatwa, kama ulikatwa zaidi ni pesa yako.

Sasa hii pesa inatoka wapi hasa? Hapa ndipo watu wengi wanapotea na ndipo maajenti wanapopata mwanya, kwa hivyo nivumilie nieleze polepole. Watu wanadhani kuna fungu fulani la wanaohama, ukiondoka tu unafunguliwa. Hakuna kitu kama hicho. Mwaka wa kodi wa Uingereza unaanza tarehe 6 Aprili unaisha tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata, na ndani ya mwaka huo kila mtu wa kawaida anayeishi kule ana pauni 12,570 za mapato ambazo hazikatwi kodi ya mapato. Kiwango hicho hakijabadilika tangu Aprili 2021. Mfumo wa PAYE, yaani ule wa mwajiri kukukata kabla hujalipwa, hauwezi kukupa hizo 12,570 zote mwezi wa kwanza, unazigawa mafungu kumi na mbili, kila mwezi fungu moja la pauni 1,047.50. Mshahara ukizidi fungu hilo, kile kilichozidi kinakatwa asilimia 20.

Ukifanya kazi mwaka mzima mafungu yote yanatumika, mambo yanaisha sawa. Lakini wewe umeondoka mwisho wa Septemba, umelipwa mara sita tu, Aprili mpaka Septemba, kwa hivyo umetumia mafungu sita na mafungu sita mengine yamebaki hayana mshahara wa kuyatumia. Wakati huohuo sheria inasema mkazi wa mwaka ule anastahili 12,570 nzima, hata kama ameondoka katikati. Pengo hilo ndilo pesa yako.

Tupige hesabu, na ukishaielewa hutamhitaji mtu. Kazi kubwa, 2,400 mara sita ni 14,400. Kutoka hapo uliachiwa mafungu sita, jumla 6,285, zikabaki 8,115 zilizokatwa asilimia 20, yaani pauni 1,623. Kibarua cha wikendi, 400 mara tano ni 2,000, na hiki kilikatwa chote asilimia 20, pauni 400. Ukiangalia pesilipu yake utaona msimbo wa kodi umeandikwa BR, yaani kukatwa asilimia 20 bila fungu lolote. Jumla uliyokatwa ni 2,023. Sasa ya haki ni ipi? Mapato yote 16,400 toa 12,570 inabaki 3,830, asilimia 20 yake ni 766. Toa 766 kwenye 2,023, unadai pauni 1,257.

Tofauti ya pauni chache itakuwepo kwa sababu ya jinsi meza za PAYE zinavyokadiria, na kama makato ya pensheni yalitolewa kabla ya kodi namba zitasogea kidogo, lakini ni hapohapo. Na uone kitu kimoja. Kile kibarua cha BR hakikuongeza hata senti kwenye rifandi yako. Watu wengi wakiona BR wanasema "nimeibiwa", na ajenti anawaambia ile yote inarudi. Hairudi, kwa sababu mafungu yako ya mwezi yalishatumika kwenye kazi kubwa, pesa ya wikendi ilikuwa lazima ikatwe tangu mwanzo. Kwa mtu aliyezidisha 12,570 kabla hajaondoka, na msimbo wake ulikuwa sahihi, rifandi ni pauni 209.50 kwa kila mwezi uliobaki mpaka mwaka wa kodi uishe. Miezi sita, 1,257. Aliyeondoka Februari atapata kidogo sana, aliyeondoka mwisho wa Machi hapati kitu. Na aliyeondoka kabla hajafikisha 12,570 anarudishiwa kodi yote ya mwaka huo, lakini hiyo tu, hakuna nyongeza.

Kuna mwaka mwingine ambao hukuuliza na mimi nadhani unaweza kuwa na pesa, ni ule mwaka ulioingia Uingereza. Ulianza Novemba 2022, maana yake mwaka wa kodi 2022/23 ulilipwa mara tano tu. Mtu akianza kazi bila P45 anajazishwa fomu ya mfanyakazi mpya yenye maelezo A, B na C, achague moja. A ni kwa anayesema hii ndiyo kazi yake ya kwanza tangu 6 Aprili na hana pensheni wala posho fulani za serikali, na kwa mtu aliyeshuka kwenye ndege kutoka Nairobi kawaida jibu ni hilo A. Ukiweka A, mfumo unakuhesabia mafungu yote tangu Aprili. Ukiweka B, au ofisi ikakujazia tu B kwa haraka, unapewa msimbo wenye M1 mwishoni, kama 1257L M1, ambao kila mwezi unasimama peke yake na hauangalii nyuma. Tuseme mwaka huo ulikuwa unalipwa pauni 1,800 kwa mwezi. Kwa M1 kila mwezi 752.50 inakatwa asilimia 20, ni 150.50, mara tano 752.50. Na mapato yako ya mwaka ule ni 9,000 tu, hata 12,570 hukufika, kwa hivyo hiyo 752.50 yote si ya HMRC. Tafuta pesilipu ya Novemba au Desemba 2022, au ile P60, karatasi ya jumla ya mwaka, uliyopewa baada ya Aprili 2023, uone msimbo gani uliandikwa na ulikatwa kiasi gani. Inawezekana walishakurudishia bila wewe kugundua, kwa sababu mwaka ukiisha HMRC wanafanya hesabu wenyewe na kurekebisha, lakini inawezekana pia hawajafanya.

Halafu gari. Hili linaniuma kila nikiona kea wa kuzunguka, manake wengi wanaacha pesa hapa. Kiwango cha maili kilichokubaliwa ni peni 45 kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka wa kodi, ukizidi hapo ni peni 25. Kampuni nyingi za kea zinalipa chini ya hapo. Tuseme yako ilikuwa inakulipa peni 25 na 2023/24 uliendesha maili 6,000 kati ya mteja na mteja. Tofauti ni peni 20 mara 6,000, pauni 1,200, na hiyo unaondolewa kwenye mapato yanayokatwa kodi, ikimaanisha pauni 240 mkononi. Angalia, hupewi 1,200, unapewa kodi ya hiyo 1,200. Na safari ya kutoka nyumbani kwako kwenda kwa mteja wa kwanza, au kutoka kwa wa mwisho kurudi nyumbani, kawaida haihesabiki, kilichoko ndani ni kile cha katikati. Madai haya yanaenda kwa fomu P87 na siku hizi wanataka ushahidi, yaani orodha ya safari yenye tarehe, postikodi ya ulipotoka na ulipokwenda, na sababu ya safari. Kama ile app ya rota ya kazini bado inafunguka, ingia leo uchukue skrinishoti za kila wiki kabla hawajakufungia. Kufua yunifomu pia kunadaiwa ila kiwango cha kawaida ni pauni 60 kwa mwaka, kodi yake pauni 12, weka kwenye madai lakini usikeshe kwa ajili yake.

National Insurance, hapana. Huyo bwana wa WhatsApp akisema inarudi kwa sababu umehama anakudanganya au hajui kazi yake. NI ni mchango, na wewe mwaka 2024/25 ulikuwa unakatwa kama pauni 108 kwa mwezi kwenye ile 2,400, inauma najua, lakini hairudishwi kwa kuondoka. Kinachobaki ni rekodi. Miaka yako iko pale kwa jina lako, haifutwi, na pensheni ya serikali ya Uingereza inahitaji angalau miaka kumi iliyotimia ndipo upate chochote, 35 upate kamili kwa mtu aliyeanza kuchangia miaka ya karibuni. Wewe una kama mitatu. Kulipia iliyobaki kwa hiari ukiwa nje ni mada nyingine yenye masharti yake, usiichanganye na rifandi.

Pensheni ya kazini nayo ni kitu cha tatu tofauti. Kama kampuni ilikuingiza kwenye mfuko kama Nest, pesa ile ni yako, pamoja na sehemu aliyoweka mwajiri, lakini imefungwa mpaka ufike miaka 55, na kuanzia Aprili 2028 itakuwa 57. Atakayekuambia anaweza kuifungua mapema, mkimbie, hiyo ni njia inayojulikana ya kuwaibia watu na wewe ndiye utabaki na adhabu ya kodi. Ingia tu ubadilishe anwani yako kule wasikupoteze. Walio kwenye pensheni ya NHS, huduma ya afya ya serikali, chini ya miaka miwili wana utaratibu wa kurudishiwa michango yao, ila kea wa kampuni binafsi kwa kawaida hayuko huko.

Tuje kwenye hofu yako ya Doha, na hii naiheshimu kwa sababu ina mzizi wa kweli. Mkazi wa kodi wa Uingereza anakatwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, na wewe kwa mwaka 2024/25 uliishi na kufanya kazi kule karibu miezi sita, kwa hivyo kwa kipimo chao utahesabika mkazi wa mwaka ule. Ukiishia hapo unaweza kuogopa kweli, mshahara wa Desemba mpaka Aprili mwanzoni ungeingia. Lakini sheria haiishii hapo. Kuna mgawanyo wa mwaka, yaani mwaka mmoja wa kodi unakatwa vipande viwili, kipande cha ukazi na kipande cha nje, na mshahara uliofanyia kazi nje katika kipande cha nje hauguswi. Mtu aliyeondoka kwenda kufanya kazi nje kwa muda wote anaingia humo akitimiza masharti, na ya msingi ni haya: kazi ya nje iwe kwa wastani wa masaa 35 kwa wiki au zaidi bila kukatikakatika kwa muda mrefu, na mwaka wa kodi unaofuata, kwako 2025/26, uwe mzima nje kwa kazi hiyo, ukikaa Uingereza chini ya siku 91 na ukifanya kazi kule siku zisizozidi 30. Kwa kipindi kilichobaki cha mwaka ulioondoka, siku unazoruhusiwa kurudi zinapunguzwa kulingana na miezi. Nesi wa hospitali Doha mwenye mkataba wa kawaida, ambaye hajarudi Leeds, anatimiza haya bila shida. Hiyo miezi miwili ya Mombasa inaangukia kabla kazi ya Doha haijaanza, na kwa sababu hukulipwa chochote wakati ule haikuletei kodi.

Kwa hivyo ukijaza fomu usifiche Doha. Andika tarehe uliyoondoka, andika tarehe uliyoanza kazi, weka nakala ya mkataba mahali unapoweza kuipata. Doha ndiyo inayokutetea hapa, anayeificha ndiye anayejiletea maswali.

Namna ya kudai, kwanza kabisa usijaze kitu, ingia kwenye akaunti yako ya kodi mtandaoni uangalie mwaka 2024/25 na 2022/23 vinasemaje. Nasema hivi kwa sababu HMRC baada ya mwaka kuisha wanatuma barua ya hesabu inayoitwa P800, kawaida kuanzia Juni, na yako kama ilitumwa ilikwenda anwani ya Leeds ambako pengine anaishi mtu mwingine sasa. Inawezekana kabisa hesabu yako imeshafanywa na inakusubiri udai tu. Tatizo la kuingia ukiwa nje ni ile namba ya siri inayotumwa kwa simu ya Uingereza ambayo laini yake ishakufa. Ukifanikiwa kuingia, hamisha uthibitisho kwenye programu ya simu inayotoa namba yenyewe, hapo hutategemea laini tena. Ukishindwa, posta ipo.

Fomu ya mtu anayeondoka Uingereza inaitwa P85. Unaweza kuijaza mtandaoni au ukaijaza ukaichapisha ukaituma kwa Pay As You Earn and Self Assessment, HM Revenue and Customs, BX9 1AS, United Kingdom, na kwa posta tumia ile yenye namba ya kufuatilia. Wanataka uambatanishe sehemu ya 2 na ya 3 za P45. Wewe hukupewa, na hili ni la kawaida mno kwa kampuni zilizofungiwa. Waandikie kwanza barua pepe uiombe, ujibiwe usijibiwe utakuwa na ushahidi uliomba. Wasipojibu, tuma P85 na barua fupi ya kueleza kwamba mwajiri hakutoa P45, ambatisha nakala ya pesilipu ya mwisho ambayo ina jumla ya mwaka ya mshahara na ya kodi. Mwajiri kila anapolipa mshahara anatakiwa kutuma taarifa HMRC, kwa hivyo kwa kawaida namba zako wanazo. Na kama ukigundua kampuni ilikukata na haikupeleka, pesilipu zako na taarifa za benki ndizo zitakazokutetea, usifute hata moja. P45 ya kibarua cha wikendi, hiyo naona umeipata, iweke ndani.

Akaunti ya benki ya Uingereza, kama bado iko wazi, usiifunge kabla pesa haijaingia. Huo ndio mlango rahisi. Kama imefungwa, P85 inakuruhusu kumtaja mtu akupokelee, iwe ni mtu unayemuamini kama ndugu wa tumbo moja, manake ikishaingia kwake ni baina yenu. Njia nyingine ni cheki, na cheki ya pauni ukiipeleka benki Doha au Mombasa utasumbuka, nyingine hawaipokei kabisa. Muda wa kusubiri unaanzia wiki kadhaa mpaka miezi, usijaze fomu mara mbili ukidhani ya kwanza imepotea, utachelewesha zaidi. Na katika muda huo ukipata meseji au barua pepe yenye linki ikisema "rifandi yako iko tayari, weka kadi yako hapa", ifute. HMRC hawakuombi taarifa za benki kwa namna hiyo.

Kuhusu ajenti, mimi sisemi wote ni wezi. Wapo wanaofanya kazi halali na mtu asiye na muda ana haki ya kulipia. Lakini tazama bei. Ukijumlisha mifano yangu yote, 1,257 na 752.50 na 240, ni pauni 2,249.50, asilimia 35 yake ni zaidi ya pauni 787, kwa fomu mbili tatu ambazo kuzituma ni bure. Zamani walikuwa wanakusainisha karatasi ya kuwahamishia haki yako moja kwa moja, ukishasaini huwezi kurudi nyuma. Sheria ilibadilishwa, na karatasi kama hiyo ya kodi ya mapato iliyosainiwa tangu 15 Machi 2023 ni batili. Kumteua mtu apokee pesa kwa niaba yako bado kunaruhusiwa, na hapo ndipo wanapopita siku hizi, kwa hivyo soma unachosaini. Halafu ajenti halali ana njia yake mwenyewe ya kujisajili HMRC na kuidhinishwa na wewe, hahitaji pasiwedi yako. Huyu anayeiomba, kwa hilo tu, mimi ningemuacha.

Lini utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana? Kama uliwahi kujisajili kama mtu wa kujiajiri, hata kwa Uber Eats ya wikendi, na ukapewa UTR, namba ya mlipakodi anayejazia ritani mwenyewe, basi P85 siyo njia yako, unatakiwa ujaze ritani ya mwaka pamoja na kurasa za ukazi za SA109, na mfumo wa bure wa HMRC mtandaoni hauna kurasa hizo, ni karatasi kabla ya 31 Oktoba au programu ya kulipia. Kama mume au watoto wamebaki Leeds na wewe unakwenda na kurudi, hesabu ya ukazi inabadilika, usijikadirie mwenyewe. Kama una nyumba unayopangisha kule, au umepata barua ya HMRC inayosema wewe ndiye unayedaiwa, pia usikae nayo peke yako. Kwa mwenye kipato kidogo lipo shirika la hisani la TaxAid linalosaidia bure, na wa kulipia achague mwenye uanachama wa ACCA, ATT au CIOT, vyama vya wahasibu na wataalamu wa kodi, majina yanaweza kuhakikishwa kwenye tovuti zao. Upande wa Kenya, rifandi si mapato mapya, ni pesa yako inarudi, ila kama PIN yako ya KRA iko hai kumbuka ritani kabla ya 30 Juni, na jinsi ya kuueleza mshahara wa Doha kule muulize mtaalamu wa KRA au ajenti wa kodi aliyesajiliwa Kenya, manake mwenye makazi ya kudumu nyumbani anaweza kuhesabika mkazi hata akija siku chache.

Rafiki yako wa Kisumu hajachelewa, lakini asilale. Muda wa kudai ni miaka minne kutoka mwisho wa mwaka wa kodi wenyewe. Aliondoka Juni 2022, huo ni mwaka 2022/23 ulioisha 5 Aprili 2023, kwa hivyo mwisho wake ni 5 Aprili 2027. Ile 752.50 yako ya mwaka uliofika ina mwisho huohuo, ya maili za 2023/24 ni 5 Aprili 2028, na ile kubwa ya 2024/25 ni 5 Aprili 2029. Kama rafiki yako alilipwa mishahara mitatu tu ya mwaka ule, Aprili, Mei na Juni, na jumla haikufika 12,570, kila senti ya kodi ya mapato aliyokatwa miezi hiyo mitatu ni yake, kwa mshahara wa 1,800 ni kama pauni 451. Mwambie aanze na pesilipu ya Juni 2022, kisha anwani yake ya mwisho Uingereza na namba yake ya NI, na kama hana karatasi yoyote aandike hivyohivyo kwenye barua kwa HMRC akitaja jina la mwajiri na tarehe alizofanya kazi.